Nyumba za Mvinyo na Msafiri wa Roma ya Kale

Katika mambo ambayo binadamu huyahitaji akiwa safarini, hapana yapitayo mawili haya: mahali pa kutua mzigo na kitu cha kutia kinywani. Mwenye jamaa katika kila mji hukaribishwa na jamaa zake. Mwenye jina hukaribishwa kwa jina lake. Walakini walio wengi hawana jamaa wala jina katika mji wa ugenini, na hao, tangu zamani sana, wameutegemea mlango wa mtu awapokeaye kwa fedha. Katika Italia ya zama za Warumi mlango huo ulikuwa aghalabu mlango wa nyumba ya mvinyo. Habari za nyumba hizo zastahili kuchunguzwa, si kwa ajili ya mvinyo wenyewe tu, bali kwa sababu zaonyesha jinsi taifa lililosifiwa kwa ujenzi wa barabara lilivyowadharau watu waliozifanya barabara hizo zipitike.

Lugha ya Kilatini ilikuwa na majina kadha wa kadha kwa nyumba za namna hii. Kaupona ilikuwa nyumba iliyouza mvinyo na, mara nyingi, kulaza wageni. Popina iliuza chakula kilichopikwa pamoja na mvinyo, wala haikuwa na malazi. Nyumba yenye ua mpana wa kufungia punda, nyumbu na magari iliitwa stabulo. Mipaka ya majina haya haikuwa imara, kwani mwenye nyumba aliweza kuuza vinywaji asubuhi, kupika jioni na kulaza watu usiku chini ya paa lile lile. Jambo moja tu lilikuwa imara: katika kinywa cha Mrumi mwenye cheo, kila mojawapo ya majina hayo lilikuwa na harufu ya tusi. Mtu aliyetaka kumvunjia mwenzake heshima hadharani alimwita mzoefu wa popina, na hilo lilitosha.

Ushahidi mkubwa wa nyumba hizo watoka katika mji wa Pompeii, karibu na Naples. Mlima Vesuvius ulipolipuka mwaka 79 baada ya Kristo, mji huo ulifunikwa na majivu na mawe mepesi, ukabaki chini ya ardhi hata ulipoanza kufukuliwa mwaka 1748. Haukuharibika kidogo kidogo kama miji mingine ya kale; ulikatizwa katikati ya shughuli zake. Wahesabuo nyumba za vinywaji na vyakula za Pompeii kwa kipimo chembamba hupata 80 hivi, na wahesabuo kwa kipimo kipana hupita 150. Hata hesabu iliyo ndogo ni kubwa kwa mji wa kadiri ile. Nyingi zilikuwa kando ya njia kuu na karibu na malango, na mbele ya zile zilizolaza wageni ukingo wa njia uliinamishwa ili magari yapate kuingia uani.

Umbo la nyumba hizo lilikuwa karibu moja. Mlango ulikuwa mpana, wazi kwa njia, na ndani yake palikuwa na meza ya kuuzia iliyojengwa kwa mawe, mara nyingi kwa umbo la pembe, juu yake ikapambwa kwa vipande vya marumaru vya rangi mbalimbali. Ndani ya meza hiyo mitungi mikubwa ya udongo ilizamishwa, vinywa vyake vikawa sawasawa na uso wa meza. Zamani ilidhaniwa kwamba mitungi ile ilijaa mvinyo au mchuzi wa moto. Lakini udongo wake ulinyonya maji, na mtungi uliojengewa ndani ya meza hauwezi kuinamishwa ukaoshwa. Tena katika mji jirani wa Herculaneum mabaki ya vyakula vikavu yalionekana ndani ya mitungi ya namna hiyo. Kwa hiyo wengi sasa hushika kwamba kwa kawaida mitungi ile iliwekwa vitu vikavu, na mvinyo ulikaa katika mitungi mirefu ya masikio mawili iliyoegemezwa ukutani au kupangwa juu ya chanja za mbao.

Kanuni hiyo nayo haikukosa jambo la kuitia shaka. Mwaka 2019 meza moja ya namna hiyo ilianza kuonekana katika mtaa wa tano wa Pompeii, na mwaka 2020 nyumba yake ikamalizika kufukuliwa. Meza ilipakwa picha za rangi zisizofifia: binti wa bahari amepanda farasi wa majini, bata wawili, jogoo, na mbwa aliyefungwa ukosi. Katika vyombo vyake yalionekana mabaki ya bata, nguruwe, mbuzi, samaki na konokono. Na katika chini ya mtungi mmojawapo zilionekana dalili za mvinyo pamoja na maharagwe yaliyosagwa. Kitabu cha mapishi chenye jina la Apicius chaeleza kwamba unga wa maharagwe ulitiwa katika mvinyo ili kuugeuza rangi yake. Basi yaonekana kwamba mwenye nyumba alikuwa na ujuzi wa kazi yake, na kwamba alichomwekea mteja mbele yake kilikuwa kimefikiriwa. Mifupa ya mtu wa umri wa miaka 50 hivi ilionekana humo humo. Kama alikuwa mwenye nyumba au mpita njia, mifupa haisemi.

Mvinyo wa Warumi haukunywewa mtupu. Desturi ilikuwa kuuchanganya na maji, na wakati wa baridi maji hayo yalikuwa ya moto. Aliyeunywa bila maji alihesabiwa kuwa hana adabu. Hapo ndipo ulipozaliwa ugomvi wa siku zote baina ya mnywaji na muuzaji, maana haikuwa rahisi kujua kipimo cha maji. Katika ukuta mmoja wa Pompeii mteja ameandika laana juu ya mwenye nyumba, akimshitaki kwamba awauzia watu maji naye mwenyewe hunywa mvinyo safi. Mwingine amekiri kwamba amelowesha kitanda cha nyumba ya wageni, akatoa sababu yake: hakupewa chombo cha kujisaidia usiku. Maneno ya namna hii hayakuandikwa ili yasomwe na wanachuoni. Kwa hiyo yana thamani ambayo tungo zilizosafishwa hazina.

Bei pia ziliandikwa ukutani. Tangazo moja, lililotolewa kwa jina la mwanamke aitwaye Hedone, laeleza ngazi tatu: kwa asi moja mtu apata kinywaji, kwa asi mbili apata kilicho bora, kwa asi nne apata mvinyo wa Falerno. Asi ilikuwa sarafu ndogo ya shaba, na asi 16 zilifanya denari moja ya fedha. Askari walioasi mwaka 14 walinung'unika kwamba roho na mwili wao vimepimwa kwa asi 10 kwa siku. Kwa kipimo hicho kikombe cha kawaida kilikuwa sehemu ya kumi ya ujira wa siku, na kikombe cha Falerno kilikaribia nusu yake. Falerno ulitoka katika mizabibu ya miteremko ya mlima Massico, kaskazini ya Naples, nao ulitajwa na washairi kama kinywaji cha karamu za wakubwa. Kwamba mtu wa njiani aliweza kuuagiza, japo mara moja kwa mwaka, ni habari kubwa kuliko inavyoonekana. Nyumba ya mvinyo ilimwuzia, kwa asi nne, kitu ambacho kuzaliwa kwake kulimnyima.

Mvinyo wa Pompeii wenyewe haukuwa na sifa kama hiyo. Pliny Mkubwa, mwanachuoni aliyekufa katika mlipuko ule ule wa mwaka 79, aliandika kwamba mvinyo wa mji huo humwumiza mnywaji kichwa hata saa sita ya siku ya pili. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa saa hiyo. Warumi walihesabu saa za mchana tangu macheo kama wafanyavyo Waswahili hata leo, na saa sita yao ilikuwa adhuhuri.

Picha zilizochorwa katika kuta za nyumba hizo zatoa ushahidi wa watu waliozitumia. Katika nyumba moja ya njia iitwayo leo Njia ya Mercury yaonekana gari limebeba kiriba kikubwa cha ngozi, na watu wakiumimina mvinyo kutoka humo katika mitungi. Katika picha nyingine wasafiri waliovaa majoho yenye kofia wamekaa mezani, na juu yao vyakula vimetundikwa darini. Katika nyumba ya mtu aitwaye Salvius ziko picha nne zifuatanazo, ambazo sasa zimehifadhiwa katika makumbusho ya Naples, na juu ya vichwa vya watu yameandikwa maneno yao: wanywaji wawili wagombania kikombe alicholeta mtumishi wa kike, naye awajibu kwamba achukue atakaye, wachezaji wa dadu wabishana juu ya hesabu, mwishowe mwenye nyumba awaambia watoke nje wakapigane huko. Jambo moja katika picha hizi halina budi kuangaliwa. Watu wale wamekaa juu ya viti. Mrumi mwenye cheo alikula amejinyosha kitandani; aliyekula ameketi alijulikana mara moja kuwa ni wa daraja ya chini, au ni mtu aliye na haraka ya safari.

Nyumba hizo zilijitangaza kwa ishara. Mojawapo ilikuwa na picha ya tembo mlangoni, na maandishi yaliyoarifu kwamba tembo huyo ametengenezwa upya na mtu aitwaye Sittius, na kwamba hapo pana chumba cha kulia chenye vitanda vitatu na starehe zote. Msafiri asiyejua kusoma alimtambua tembo. Ajuaye kusoma alipata na hesabu ya vitanda.

Hesabu kamili ya usiku mmoja imehifadhiwa katika jiwe lililotoka Aesernia, mji wa milimani katika Italia ya kati, ambalo sasa liko katika makumbusho ya Louvre, Paris. Limechongwa msafiri ashikaye hatamu za nyumbu wake, akilipa kabla ya kuondoka. Kipimo kimoja cha mvinyo, yaani nusu lita na kidogo, pamoja na mkate, ni asi moja. Kitoweo ni asi mbili. Msichana ni asi nane. Majani ya nyumbu ni asi mbili. Msafiri akubali yote, illa majani ya nyumbu yamwudhi, akasema kwamba mnyama huyo atamfilisi. Jiwe lilikusudiwa kuchekesha, na majina yaliyomo yana mzaha. Hata hivyo mzaha hauchekeshi ila umejengwa juu ya jambo linalojulikana. Waliocheka walijua bei ya mkate. Walijua pia kwamba mtu aliweza kuandikwa katika hesabu baina ya kitoweo na majani, na halikuwashangaza.

Hapo ndipo yafaa kuuliza kwa nini nyumba hizi zimeachiwa sifa mbaya katika vitabu. Jibu la kwanza ni kwamba walioandika vitabu hawakuzihitaji. Mwaka 37 kabla ya Kristo mshairi Horace alisafiri kutoka Roma hata Brundisium, bandari ya kusini, katika msafara wa Maecenas, na Virgil alikuwamo. Safari hiyo aliifanyia shairi. Asimulia jinsi alivyofika Forum Appii, kituo cha mashua katika njia ya Appia, akakikuta kimejaa mabaharia na wenye nyumba za mvinyo wenye choyo, na maji yake mabaya yakamfanya afunge kula. Siku nyingine alilazwa na Cocceius katika jumba la fahari lililokuwa juu ya nyumba za mvinyo za Caudium. Katika maneno hayo machache pana picha nzima ya dunia ya Warumi: aliye na rafiki alala juu ya kilima, asiye naye alala chini, kando ya njia. Horace azitaja nyumba zile kama mtu atajavyo alama ya kuonyesha mahali.

Mshairi Juvenal, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya pili, alikuwa mkali zaidi. Amlaumu mkuu mmoja aliyezoea popina ya bandari ya Ostia, akaorodhesha wenzi wake wa kunywa: mabaharia, wezi, watumwa waliotoroka, wanyongaji, na watengeneza majeneza. Kisha aeleza aibu iliyokuwa kubwa machoni pake: kwamba uhuru wa watu wote ulikuwa sawa huko, vikombe vikashirikiwa, wala hapakuwa na meza iliyotengwa kwa mtu yeyote. Alikusudia kulaani. Lakini mtu wa zama hizi asomapo maneno hayo aweza kuyapokea kama ushahidi wa mahali pasipo pengi katika dola ile, ambapo bwana na mtumwa waligusa chombo kimoja.

Wafalme walizitazama nyumba hizo kwa jicho la wasiwasi. Tiberius aliwaamuru wasimamizi wa masoko wazibane hata katika kuuza vitu vya kuoka. Claudius akakataza nyama iliyopikwa na maji ya moto. Nero akazuia kila kilichopikwa isipokuwa kunde na mboga, japokuwa imesimuliwa kwamba yeye mwenyewe alijificha sura na kuzizungukia usiku. Na Vespasian akarudia amri kama hiyo. Amri irudiwayo mara nne katika muda usiofika miaka 70 ni amri isiyotiiwa. Walio wengi katika miji, hasa waliopanga vyumba vya ghorofa, hawakuwa na jiko lililofaa. Kukataza popina ilikuwa karibu sawa na kuwakataza kula chakula cha moto.

Sheria ilikuwa na nyuso mbili. Amri ya hakimu mkuu wa Roma ilimlazimisha nahodha, mwenye nyumba ya wageni na mwenye zizi kurudisha kwa ukamilifu mali ya msafiri waliyokubali kuipokea, na kama imepotea, walipe, hata kama hawakuiba wao. Mwanasheria Ulpian alieleza sababu: wasafiri hawana budi kuwaamini watu hao, na pasipo ukali wao wangeshirikiana na wezi. Kanuni hiyo ilipita katika sheria za Justinian za karne ya sita, ikaacha alama katika sheria za nchi nyingi hata leo. Ilimlinda mgeni vizuri. Ilimlinda kwa kumdhania mwenyeji kuwa mwizi.

Uso wa pili ulimwelekea mtumishi wa kike. Mwaka 326 Kaisari Constantine alitoa hukumu juu ya wanawake wa nyumba za mvinyo walioshitakiwa uzinifu. Ikiwa mshitakiwa ni bibi mwenye nyumba, alisema, sheria itamshika. Ikiwa ni mtumishi amiminaye mvinyo, mashitaka yatupwe, kwa kuwa uduni wa maisha yake wamfanya asistahili kuangaliwa na sheria. Kwa juu juu hukumu hiyo yaonekana kuwa ni huruma, maana yamwondolea adhabu. Kwa hakika ilimwondoa katika hesabu ya watu. Aliyewekwa nje ya adhabu kwa sababu hiyo aliwekwa nje ya stara pia, na mwanamume aliyemtenda lolote aliachwa aende zake.

Ni wanawake hao hao ambao majina yao yamebaki Pompeii. Katika njia iitwayo leo Njia ya Wingi, nje ya nyumba ya mvinyo ya mwanamke Asellina, matangazo ya uchaguzi yalipakwa rangi ukutani, na katika waliotajwa kuwaunga mkono wagombea wamo Asellina mwenyewe, Zmyrina, Aegle na Maria. Wanawake hawakuwa na kura katika mji huo, na baadhi ya majina hayo hudhaniwa kuwa ya watumwa au ya watu waliotoka nchi za mashariki. Hata hivyo mtu fulani aliona kwamba yana uzito mbele ya wapita njia. Sheria haikuwaona; mtaa uliwajua kwa majina.

Katika karne hiyo hiyo ya kwanza mfanya biashara wa Misri, mwenye kutumia lugha ya Kiyunani, aliandika mwongozo wa safari za Bahari ya Hindi, ujulikanao kwa jina la Periplus. Akiifikia pwani ya Azania, ambayo ni pwani ya Afrika ya Mashariki, ataja bidhaa zilizopelekwa huko, kama mikuki, mashoka madogo, visu na vyombo vya bilauri. Kisha aongeza kwamba katika baadhi ya mahali hupelekwa pia mvinyo na ngano si haba, si kwa biashara, bali kwa kutafuta mapenzi ya wenyeji. Hapa mambo yamegeuka. Katika Italia msafiri aliununua mvinyo kwa mtu aliyedharauliwa. Katika Azania msafiri yule yule aliubeba kuvuka bahari akautoa bure, kwa kuwa huko alimhitaji mwenyeji na alijua kwamba heshima yake hainunuliwi kwa sarafu. Waswahili husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mfanya biashara yule hakuijua methali hiyo, walakini aliitenda.

Yasidhaniwe kwamba kwa maneno haya nyumba za mvinyo za Warumi zapambwa. Ulevi ulikuwamo, udanganyifu wa vipimo ulikuwamo, na juu ya yote utumwa ulikuwamo, ambao haupambiki. Linalodaiwa ni uadilifu katika kupima ushahidi. Aandikaye historia ya safari kwa kumfuata Horace peke yake ataiona Italia kutoka jumba la juu ya kilima. Akitaka kuiona kutoka njiani hana budi kusoma kuta, mitungi, mifupa ya bata na hesabu ya majani ya nyumbu, maana waliowapokea wasafiri hawakuacha vitabu. Tangu Agosti ya mwaka 2021 nyumba ya mtaa wa tano imefunguliwa kwa watazamaji. Hupita mbele ya meza ile watu wa mataifa mengi, nao huwatazama bata wawili na mbwa mwenye ukosi. Mvinyo hauuzwi tena hapo. Jina la aliyeuuza halijulikani kwa yakini.